Nyota tatu kwa shule yangu ya helikopta Florida, na maswali ambayo sikuyauliza

Siku ya kwanza shuleni hakuna aliyeniuliza cheti. Walinipandisha kwenye mzani uliokaa mlangoni kwa hanga (banda la helikopta), mzani wa chuma mkubwa kama ule wa kupimia magunia ya mahindi pale soko la Kilombero. Kilo 101. Dada wa mapokezi akaandika, akatazama karatasi yake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba kwa mwili ule itabidi nisomee helikopta aina ya R44, na R44 ni dola 640 kwa saa. Kwenye barua pepe zao zote walikuwa wameniandikia dola 389, bei ya R22, iliyo ndogo zaidi.

Tulikuwa tumeandikiana miezi minane. Waliniuliza kama nina pasipoti, kama nina mdhamini, kama nitahitaji chumba. Uzito hawakuuliza hata mara moja.

Jina la shule silitaji. Walionipokea vizuri bado wako pale, na walioniudhi pia wako pale. Iko Florida, uwanja mdogo karibu na bahari, na niliifika Januari 2024 nikitokea Arusha baada ya miaka saba ya kuendesha watalii Serengeti na Ngorongoro. Pesa ilitoka kwenye kiwanja cha familia kule Njiro na kwa dada yangu wa Houston. Nasema hivi ili ujue anayeandika hapa hakusomeshwa na serikali wala na kampuni. Kila dola iliyopotea nilijua ni tofali la nani.

Turudi kwenye mzani. R22 ni kitu kidogo sana. Watu wawili, injini ya pistoni yenye silinda nne, na kiti kimoja hakiruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 109. Kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa ndani ya kiwango. Tatizo ni jumla: helikopta nzima pamoja na watu na mafuta haitakiwi kuvuka kilo 622, na yenyewe ikiwa tupu inakula kama 400 za hizo. Zinazobaki mnagawana wewe, mwalimu na mafuta. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa na kilo 88. Toa hesabu mwenyewe, uone mafuta yanayobaki: ya saa moja hivi na akiba kidogo, na dakika 20 za hiyo saa unazitumia kwenda na kurudi eneo la mazoezi. Ili nibaki kwenye R22 niliacha soda, nikaacha mkate mweupe, nikawa nakimbia usiku kwa sababu mchana kule joto halikimbiliki. Kufika Aprili nilikuwa na kilo 84. Kama una mwili kama niliokuwa nao, anza kupungua ukiwa nyumbani ambako dagaa na mchicha ni rahisi. Kule chakula cha bei nafuu ndicho kinachonenepesha.

Jambo la pili ambalo sikulijua kuuliza ni saa ya kuhesabia pesa. Ndani ya helikopta kuna kidude kinachohesabu muda, na ndicho kinachoandika bili yako. Kuna shule ambazo kinaanza kuhesabu ukiinua kolektivu, ule mpini wa mkono wa kushoto unaokupandisha juu. Kwetu kilianza injini ikipata tu shinikizo la oili. Na R22 huiwashi ukaondoka kama bodaboda. Unawasha, unabonyeza swichi ya klachi, halafu mnakaa mnatazama taa ndogo wakati mikanda inavutwa ikaze taratibu na mapanga ya juu yaanze kuzunguka. Kisha unapasha injini moto, unakagua hiki na kile. Ukirudi, unaiacha ipoe kabla ya kuzima. Kila safari ilinitoka sehemu mbili za kumi za saa nikiwa nimekaa chini. Zidisha dola 389 kwa 0.2, kisha zidisha kwa safari zaidi ya 150. Mimi nimeshazidisha, na sirudii.

Hiyo mikanda ndiyo iliyonipatia rafiki. Baba yangu ana mashine ya kusaga Usa River, nimekua nikimwona akibadilisha mikanda ya V kila ikianza kupiga kelele. Siku moja nikiwa nasubiri zamu nilimkuta fundi mkuu, mzee mmoja wa Puerto Rico, amefungua ubavu wa R22, na ndani naona mikanda ya V inayopeleka nguvu ya injini juu kwenye mapanga. Nilicheka peke yangu. Nikamwambia ndugu wa mikanda hiyo wanasaga dona kwetu. Akaniita nisogee, akanionyesha jinsi anavyoikagua: anaipinda, anatafuta nyufa ndogo upande wa ndani, anapitisha ukucha. Mkanda mmoja ulikuwa na ufa ambao mimi nisingeuona. Ofisi ilikuwa na wanafunzi wawili wanasubiri mashine ile ile saa nane mchana. Yule mzee akaifuta kwenye ratiba na kwenda kula. Hakuna aliyembishia. Nyota moja kati ya hizi tatu ni yake.

Yeye pia ndiye aliyenionyesha ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa nyuma ya hanga, ambako wageni wanaokuja kutembezwa hawafiki. Umeandikwa namba za usajili za helikopta zote, na mbele ya kila moja saa zilizobaki kabla ya ukaguzi wa saa 100, na saa zilizobaki kabla ya oveholi. R22 ikifikisha saa 2,200 au miaka 12, chochote kinachotangulia, inavuliwa yote. Si kazi ya wiki, inaweza kuchukua miezi. Shule ilijitangaza ina R22 nne, na nne zilikuwepo kweli, nilizihesabu siku ya kwanza. Ila moja kati ya hizo ilikuwa imebakiwa na saa zisizofika 60. Machi ikaondoka. Juni mwanafunzi mmoja akaitua nyingine kwa nguvu mpaka miguu ya helikopta ikapinda, mshukuru Mungu hakuumia mtu. Zikabaki mbili. Sisi tulikuwa wanafunzi 31.

Januari na Februari niliruka saa 22. Julai niliruka saa 4.8 kwa mwezi mzima. Mvua za radi za Florida nazo zina ratiba yake, kiangazi kila siku baada ya chakula cha mchana mbingu zinafunga, kwa hiyo anayepata zamu ya alasiri ni kama hajapata. Oktoba kikaja kimbunga Milton, kikapiga pwani usiku wa tarehe 9. Helikopta zilihamishwa bara mapema, na hilo walilifanya vizuri, lakini umeme na shughuli nyingine vilichukua wiki mbili kutengemaa. Chumba nalipa dola 850 kwa mwezi, niruke nisiruke.

Nilichotakiwa kuuliza nikiwa Arusha kilikuwa kifupi: nitajieni namba za usajili za helikopta zenu, kila moja imebakiwa na saa ngapi, na wanafunzi mko wangapi. Namba za Marekani zinaanza na N, na ukiwa nayo unaweza kuingia kwenye daftari la FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, mtandaoni, ukaona imetengenezwa mwaka gani na mmiliki ni nani. Mbili kati ya zetu hazikuwa mali ya shule. Ajali nazo zinatafutwa kwa namba hizo hizo kwenye kumbukumbu za NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani. Hayo yote ni bure. Mimi nilitumia miezi minane kulinganisha bei ya saa moja, kama mtu anayenunua gari kwa kuangalia bei ya tairi.

Viza ndiyo inayowakamata wageni, na shule hailisemi kwa sauti. Shule nyingi za kuruka Marekani zinaweza kukupa karatasi ya M-1, viza ya mafunzo ya ufundi. Chache, hasa zilizofungamana na vyuo, zinatoa F-1. Kwa pasipoti yako zote ni viza tu. Tofauti inaonekana ukimaliza. Mwenye F-1 anaweza kupata mpaka miezi 12 ya kufanya kazi ya alichosomea. Mwenye M-1 anapata mwezi mmoja kwa kila miezi minne aliyosoma, na haivuki sita. Na ukishaingia kwa M-1 huwezi kubadili kuwa F-1 ukiwa humo humo nchini.

Kwa nini hilo ni kubwa? Kwa sababu leseni ya urubani wa biashara ya Marekani, ya kurusha kwa malipo, unaipata ukiwa na saa 150, na hakuna mtu duniani anayekupa helikopta yake yenye abiria ukiwa na saa 150. Wamarekani wenyewe wanalitatua kwa kuwa walimu: unamaliza, unafundisha shule hiyo hiyo, unajaza saa mpaka 1,000, ndipo unaenda kurusha watalii au kupeleka watu kwenye mitambo ya mafuta baharini. Ndiyo maana nilibadilishiwa walimu wanne kwa miezi 15. Siwalaumu. Kila mmoja akifika 1,000 anaaga, unaanza upya na mtu ambaye hajui kwamba mguu wako wa kushoto ni mzito.

Na kuna mtego ndani ya mtego. Kufundisha kwenye R22 sheria inataka uwe na saa 200 za helikopta, na 50 kati ya hizo ziwe za R22. Kifurushi walichoniuzia kilikuwa cha saa 150, dola 62,500, kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba utatoka hapo rubani wa biashara. Kweli utatoka rubani wa biashara. Ila ni rubani asiyeweza hata kufundisha kwenye mashine aliyojifunzia. Saa 50 zinazobaki unazitafuta mwenyewe, kwa bei ile ile. Vilevile sheria hiyo inakataza mwanafunzi kuruka peke yake kwenye R22 kabla ya saa 20 za kuruka na mwalimu, kwa hiyo ukiona tangazo linaahidi utaruka peke yako kwa saa 10, jua hawaongelei R22 au hawaongelei ukweli. Leseni ya kwanza, ya binafsi, kiwango cha chini ni saa 40. Mimi nilichukua 61 na sikuwa wa mwisho darasani.

Nilimaliza na saa 203, nikafaulu ualimu, nikaomba ile miezi yangu mitatu ya M-1. Kadi ya kazi ilipofika zilikuwa zimebaki wiki saba. Nikafundisha wiki saba, nikaongeza saa 41, nikapanda ndege kurudi.

Jumla iliyonitoka, pamoja na chumba, chakula, gari bovu la dola 2,800, mitihani ya maandishi ya dola 175 kila mmoja, na mtahini aliyetaka malipo yake asubuhi kabla hajagusa mlango wa helikopta, ni dola 104,000 na ushei. Kabla ya hapo nilishalipa 350 za SEVIS (daftari la serikali ya Marekani la wanafunzi wa kigeni), 185 za viza, na alama za vidole kwa ajili ya kibali cha usalama cha TSA, idara ya usalama wa usafiri ya Marekani, ambacho mgeni hagusi usukani bila hicho. Kibali changu kilichukua wiki tatu nikiwa nimeshafika. Kianze mapema.

Kuhusu kulipa: waliomba amana ya dola 15,000 nikatoa. Nilipoomba salio lake mwishoni, dola 3,100, zilirudi baada ya miezi minne na barua pepe 11. Nimebahatika. Mwaka 2008, tarehe 3 Februari, shule kubwa kuliko zote za helikopta Marekani wakati huo, Silver State ya Nevada, ilifunga milango siku moja tu. Wanafunzi zaidi ya 2,000 walikuwa wameshalipa mapema, wengi kwa mikopo ya makumi elfu ya dola, wakabaki na deni bila leseni. Wazee wa hanga wanaikumbuka mpaka leo, ukitaja kulipa mapema wanakuangalia kama umesema unaoga na simu. Lipa kwa saa ulizoruka, au kwa mafungu madogo. Shule ikikataa, tafuta nyingine.

Sasa niwape haki yao. Kuruka walinifundisha. Mwalimu wa kwanza alinipa kanyagio tu za miguu, yeye akashika vingine. Siku iliyofuata akanipa kolektivu. Ya tatu saikliki, ule usukani wa katikati, na hapo helikopta iliyokuwa imetulia futi tano juu ya nyasi ikaanza kucheza kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki. Sikupata kuituliza mpaka saa yangu ya tisa ya kuruka. Siku ile nilipoacha kuifikiria mikono, ikasimama yenyewe, na mwalimu hakusema neno, alinyoosha tu kidole akanionyesha ndege mweupe aliyesimama kwenye nyasi anatutazama.

Na otoroteshoni. Hili ndilo zoezi la injini ikizima: unaishusha helikopta kwa mapanga yanayozungushwa na upepo unaopita kutoka chini. Mapanga ya R22 ni mepesi, hayatunzi mzunguko. Injini ikikata una kama sekunde moja kushusha kolektivu mpaka chini, ukichelewa mapanga yanapoteza kasi na hayarudi. Shule nyingine zinafanya mbili tatu kwa somo ili kutimiza mtaala. Kwetu zilikuwa kumi, bila kuambiwa lini, katikati ya stori ya mpira mwalimu anafunga mafuta. Mpaka leo nikisikia feni inazima, mkono wa kushoto unashuka wenyewe. Nyota nyingine mbili ni za hapo.

Ambacho hawawezi kukufundisha ni hewa ya kwetu. Florida unaruka usawa wa bahari. Uwanja wa Arusha uko mita 1,387, Wilson Nairobi karibu 1,690, na ukienda kumchukua mgonjwa Kilimanjaro unaanza kuzungumzia mita 3,000 na 4,000. Hewa nyepesi, ukichanganya na joto la mchana, mapanga hayapati cha kushika na injini ya pistoni inakosa pumzi. Nilisoma haya kwenye kitabu na nikafaulu maswali yake. Kuyahisi sikuwahi. Rafiki yangu mmoja wa Nakuru alisomea Afrika Kusini, karibu na Johannesburg, ambako kuna viwanja vilivyo juu ya mita 1,600. R22 ile ile, lakini yeye alijifunza tangu mwanzo kwamba kuna siku mashine haiinuki na mtu wa pili. Alilipa kwa randi, akarudi nyumbani mara mbili kwa basi na ndege ya bei nafuu. Kama lengo lako ni kurusha Arusha au Nairobi, na huna ndoto ya kukaa Marekani, ningeanza kuuliza kule. Kitu ambacho hakupata ni ile nafasi ya kufundisha, na saa zake zimesimama 190.

Kabla hujachagua bara lolote, andikia TCAA au KCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, wakupe kwa maandishi wanachotaka ili kubadilisha leseni ya huko. Mimi nilifanya hivyo kabla ya kuondoka, ndilo jambo moja nililolifanya kwa akili. Kila ukurasa wa logibuku yangu, daftari la saa nilizoruka, ulipigwa muhuri na shule nikiwa bado pale, kwa sababu kuomba muhuri kwa barua pepe ukiwa Arusha tumeshaona kwenye zile dola 3,100.

Kwa sasa niko kwenye kampuni moja ya helikopta, kitengo cha operesheni. Napima abiria na mizigo, napanga mafuta. Ndiyo, mimi ndiye nashika mzani. Rubani wetu akienda kuchukua mashine bila abiria nakaa naye mbele kwenye H125, helikopta yenye injini ya turbini, inapanda kama lifti.

Wiki iliyopita kijana wa Mwanza alinitumia majina ya shule mbili, moja Oregon na moja Florida, akitaka nimchagulie. Nikamwambia aziulize zote mbili namba za usajili, saa zilizobaki na idadi ya wanafunzi. Ya kwanza ilimjibu siku hiyo hiyo kwa bei ya ofa na picha ya helikopta juu ya mawingu mekundu. Ya pili ilikaa kimya siku nne, halafu akajibu mtu wa karakana, bila salamu: namba sita za usajili, saa za kila moja, na mstari wa chini kwamba mbili ziko kwenye matengenezo mpaka Machi. Nimemwambia aendelee kuongea na huyo wa karakana. Na ajipime uzito.